Bibi Nyanzala na Namba Zisizokaa Safu

Paukwa!

Pakawa!

Walio nyuma sikuwasikia. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sogeeni. Wenye wadogo wapakateni. Ngano ya leo si ya sungura wala fisi. Ni ya mtu.

Hapo zamani za kale, zamani ambayo bibi yangu aliisikia kwa bibi yake, palikuwa na kijiji. Jina lake limepotea. Watu wake walilima mtama, wakafuga, wakazaa, wakazika, kama sisi. Lakini walikuwa na hofu moja. Walilala nayo, wakaamka nayo. Mtu akisonga ugali, alikuwa anasikiliza. Mtu akichota maji, alikuwa anasikiliza.

Walisikiliza nini? Pembe.

Buuu. Buuu.

Pembe ya Mtemi wa ng'ambo ya mto.

Mtemi huyo alikuwa na mashamba makubwa na watu wachache wa kuyalima. Akawa anamtuma mjumbe wake, jina lake Lugembe, pamoja na askari wenye mikuki, azunguke vijijini kuchukua watoto. Mwaka mwingine hakuja. Mwaka mwingine alikuja. Hakuna aliyejua.

Sasa hapa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye kisa chote. Mtemi alikuwa na kiapo. Babu yake, alipokuwa anakata roho, alimwapisha hivi: Usimalize kijiji, maana ukikimaliza, mwakani utarudi kuchukua nini? Wala usimchukue mtoto mmoja peke yake, maana anayekwenda peke yake hulia njia nzima, na kilio chake kitaua shamba. Chukua safu. Wapange watoto wa kijiji safu zilizo sawa, asizidi mtu, asibaki mtu. Zikikaa sawa, safu moja ni yako. Zisipokaa, geuka urudi.

Basi Lugembe akifika, watu wazima wote walifungiwa katika zizi la ng'ombe, askari mlangoni. Kuwasemesha watoto ilikuwa marufuku. Mpiga mbiu akatangaza: "Kila aliyeng'oka meno ya utoto na hajapata mtoto, asimame uwanjani. Nyumba itakayomficha mtu itachomwa." Kisha Lugembe anaanza kuwapanga.

Mwaka mmoja alikuja, watoto wakawa ishirini na mmoja. Wazee wakaambiana, "Ishirini na moja ni witiri. Haigawanyiki kwa mbili. Tumepona."

"Safu mbili," akasema Lugembe.

Trap, trap, trap. Kumi huku, kumi kule, mmoja kabaki katikati. Zizini watu wakashusha pumzi.

"Safu tatu."

Trap, trap, trap. Saba. Saba. Saba.

Hakubaki mtu.

Kimya, wajukuu zangu. Tii.

Safu ya katikati ikaondoka, watoto saba. Mmoja wao alikuwa Kabula, binti wa mama mmoja aliyeitwa Milembe. Milembe alimwita binti yake mpaka sauti ikamkauka. Kabula akageuka mara moja tu. Askari akamgusa bega, akaenda.

Pembeni mwa kijiji hicho aliishi mfinyanzi, Bibi Nyanzala. Alikuwa ameshazeeka. Hakujaliwa mtoto. Mume wa kwanza alimwacha kwa ajili hiyo, wa pili akafa. Watu walichukua vyungu vyake, wakampa mtama, wakamsalimu kwa heshima. Lakini mtoto akizaliwa, hawakumwita kumpokea. Na neno lenyewe walilisema akishapita. Tasa.

Bibi Nyanzala alikuwa na uchanja wa fito wa kukaushia vyungu. Safu moja ya vyungu ikizidi nyingine, uchanja unaelemea, vyungu vinaanguka, pwaa. Kwa hiyo miaka yote alikuwa anapanga na kupangua, na alishaona kwamba kuna idadi ya vyungu inayokaa vizuri, na kuna idadi nyingine hata ufanyeje haikai. Siku ile waliyochukuliwa wale saba alirudi kwake, akasimama mbele ya uchanja muda mrefu, mikono imening'inia. Kisha akaenda kwa mzee wa kijiji, Mzee Lushinge.

"Kaka Lushinge," akasema, "witiri si kinga."

"Kinga ni nini basi, dada?"

"Sina jina la kuipa. Lakini nikiiona naijua. Nipe watoto niwafundishe."

"Uwafundishe nini?"

"Kujihesabu. Siku ile sisi tutakuwa zizini. Wao ndio watakaokuwa uwanjani. Mmoja akitolewa, mmoja akiongezwa, ni wao watakaojua wamekuwa wangapi, na kama wangapi hao wanakaa safu."

Wanawake waliokuwa karibu wakanong'ona. Mmoja akasema, si kwa sauti ya chini sana, "Watoto atawajulia wapi huyu?"

Bibi Nyanzala alisikia. Hakugeuka. Na Mzee Lushinge, kwa kuwa hakuwa na jambo jingine la kufanya, akamkubalia.

Watoto wakaanza kwenda. Bibi alifinyanga vidonge vya udongo, vidogo, vya ukubwa wa tunda la kunazi, akavikausha juani. Siku ya kwanza kila mtoto akapewa vidonge kumi na viwili.

"Pangeni safu zilizo sawa."

Tak, tak, tak. Mmoja akapanga safu mbili za sita. Mwingine safu tatu za nne. Mwingine nne za tatu. Mwingine sita za mbili. Wakacheka, kila mtu amepata.

Bibi hakucheka. "Kumi na mbili ni ya hatari," akasema. "Kila ukiigusa, inakaa. Watoto kumi na wawili wakisimama uwanjani, Lugembe hata hatoki jasho."

Kicheko kikaisha.

"Sasa toeni vidonge vitano, vibaki saba."

Tak, tak, tak. Safu mbili, kimoja kimebaki. Safu tatu, kimoja kimebaki. Safu nne, haifiki. Kulikuwa na msichana mrefu, mwembamba, aliyeitwa Gindu. Kaka yake alikuwa katika ile safu ya katikati. Gindu alipanga, akapangua, akapanga, mpaka vidole vikawa vyekundu kwa udongo.

"Bibi, vyangu havikai. Labda nimekosea."

"Jaribu tena."

Tak, tak, tak.

"Havikai."

"Hujakosea, mjukuu wangu. Hiyo ndiyo tunayoitafuta."

Mvulana mmoja, Ng'wandu, alikuwa na haraka. Akasema, "Mimi nimeshaelewa. Ni witiri zote. Tisa iko salama."

"Umeipanga?"

"Haina haja, Bibi. Ni witiri."

"Ipange."

Ng'wandu akapanga. Tatu. Tatu. Tatu. Akavitazama vidonge vile, kisha akavifagia kwa mkono, vikasambaa vumbini, akaanza kulia. Alikuwa ameiona ile safu ya katikati iliyoondoka. Bibi akaviokota kimoja kimoja, akampa vingine sita juu yake. "Kumi na tano nayo ni witiri. Panga." Tano, tano, tano. "Usiamini macho, Ng'wandu. Panga kwanza, uogope baadaye."

Wakafundishwa hivyo msimu baada ya msimu, miaka kadhaa, pembe isilie, na wadogo wengi wakang'oka meno. Bibi akiuliza, "Zimekaa?" wao wakaitika, "Zimekaa, Bibi, zimekaa," au, "Hazikai, Bibi, hazikai." Ukawa wimbo. Waliuimba wakitwanga, wakichunga, wakienda mtoni.

Gindu akagundua jambo. Alikuwa amepanga safu tatu za tano, akainuka, akazunguka upande wa pili, akaona safu tano za tatu. "Bibi, sikuwa na haja ya kujaribu tano. Tatu ilishaniambia." Siku nyingine akasema, "Na zisipokaa safu mbili, haziwezi kukaa nne, maana nne ni mbili zilizopasuliwa." Bibi akamtazama, akarudi kwenye udongo wake. Mikono yake ilikuwa na haraka siku ile.

Mtoto mdogo akauliza, "Na moja, Bibi?"

"Moja huna cha kupanga. Iweke kando. Haimo huku wala haimo kule."

"Na mbili? Mbili ni shufwa, lazima ikae."

Bibi akasimamisha watoto wawili. "Wakiwa safu moja, hao ndio kijiji kizima, na Mtemi hamalizi kijiji. Wakiwa safu mbili, kila safu ina mtu mmoja, na mtu mmoja si safu. Atamchukua nani? Mbili imepona. Shufwa zote zinakaa isipokuwa hiyo peke yake."

Watoto, mnavyowajua, wanataka jina. Zile zinazokaa waliziita namba za safu. Zile zisizokaa walizipa jina ambalo walilisema kwa kunong'ona, na Bibi akikaribia walinyamaza. Siku moja akawauliza.

"Zile zisizokaa, mnaziitaje?"

Wakatazamana.

"Gindu. Mnaziitaje?"

Gindu akainamisha kichwa. "Bibi, ni kwa sababu hazizai safu."

"Ndiyo. Zinaitwaje?"

"Tasa."

Hata aliyekuwa anakohoa akameza kikohozi chake. Bibi Nyanzala aliendelea kukanda udongo, akaukanda, akaukanda. Kisha akasema, "Semeni kwa sauti. Neno hilo nimetembea nalo miaka mingi, nalifahamu. Nawapeni. Haya, namba tasa. Mbili, tatu, tano, saba."

"Kumi na moja," wakaitika, kwa woga kwanza. "Kumi na tatu. Kumi na saba. Kumi na tisa. Ishirini na tatu. Ishirini na tisa."

Majumbani, mama akifuata maharage ya kupika aliwakuta watoto wameyapanga safu sakafuni. Mtoto akiota, aliota anahesabu. Baba wengine walikasirika. Wengine walisimama mlangoni wakasikiliza, kisha wakaondoka.

Mtama ulipoanza kukauka, msafiri akapita. Akasema Lugembe yuko kijiji cha pili kutoka pale, na huko amechukua nusu ya watoto.

Wakahesabu watoto haraka. Ishirini na saba.

"Witiri," akasema Mzee Lushinge, kama mtu anayeomba.

"Inakaa," wakasema watoto, wote pamoja. "Tisa, tisa, tisa."

Bibi Nyanzala akaeleza. Kushuka hadi ishirini na tatu, itabidi kuwaficha wanne. Nyumba zitapekuliwa na kuchomwa, na watoto wamo ndani. Kupanda hadi ishirini na tisa, wanatakiwa wawili zaidi. Na wawili walikuwepo, wadogo, meno yao ya mbele yakicheza, na jino moja likitoka lilitosha. Mmoja ni Masele, mjukuu wa Mzee Lushinge mwenyewe. Babu yake alimng'oa jino kwa uzi. Wa pili ni Holo. Jino la Holo lilianguka lenyewe akitafuna hindi. Na Holo ni mtoto wa Milembe, yule yule aliyempoteza Kabula.

Milembe alikuja kwa Bibi Nyanzala na jino amelifunga kwenye pindo la nguo.

"Bibi, mimi nimeshatoa mmoja."

"Najua, mwanangu."

"Hujui. Huyu hajafika wakati wake. Jino hili ningelinyamazia tu. Unataka nimtoe kwa mkono wangu mwenyewe."

Bibi akamsogezea vidonge. "Panga ishirini na tisa. Panga unavyotaka. Havikai."

Milembe hakuvigusa. "Huo ni udongo, Bibi. Udongo hauna damu." Kisha akauliza, na sauti yake ilikuwa ndogo, "Ungekuwa na wako, ungemtoa?"

Bibi Nyanzala akavikusanya vidonge vile kwa mikono miwili.

"Sijui, Milembe. Siwezi kukudanganya. Sijui."

Na ni jibu hilo lililomfanya Milembe akubali. Angeambiwa ndiyo, asingeamini.

Buuu. Buuu.

Pembe ililia asubuhi. Ng'ombe wakatolewa zizini, watu wazima wakaanza kuingizwa. Mbiu ikapigwa: "Kila aliyeng'oka meno ya utoto na hajapata mtoto, asimame uwanjani." Watoto wakaenda. Milembe alimshika Holo mkono mpaka ukingo wa uwanja. Palikuwa na msukumano, vumbi, mama wanalia, askari wanasukuma. Milembe akamwachia Holo mkono. Kisha akamshika tena. Hakupanga kufanya hivyo. Mwili wake ulifanya. Akamfunika kwa nguo, akamkumbatia tumboni, akaingia naye zizini.

Uwanjani watoto walijihesabu kama walivyofundishwa, kila mmoja akimgusa mwenzake kiganja. Gindu alikuwa wa mwisho.

Ishirini na nane.

Akarudia kwa macho. Ishirini na nane.

Safu mbili za kumi na nne. Lugembe atasema neno lake la kwanza tu, na kumi na wanne wataondoka. Wengine nao walishajua. Ungewaona, wajukuu zangu, walivyobadilika nyuso, mmoja baada ya mwingine, kiganja kwa kiganja.

Kuzungumza na walio zizini ilikuwa marufuku. Lakini kuimba hakukukatazwa. Gindu akaanza, sauti inakatika:

"Zimekaa, Bibi, zimekaa."

Wote wakamfuata. "Zimekaa, Bibi, zimekaa."

Bibi Nyanzala akasikia. Akageuka, akatafuta kwa macho ndani ya zizi, akamwona Milembe amechuchumaa kwenye ua, amefunika kitu, kiganja kimeziba mdomo mdogo. Macho yao yakakutana. Milembe akatikisa kichwa, hapana, hapana.

Mzee Lushinge naye alikuwa ameona. Akakamata nguo ya Milembe. "Mtoe," akasema kwa kunong'ona. "Masele wangu yuko pale. Mtoe, utatumaliza."

"Mwache," akasema Bibi Nyanzala.

"Dada, ni kumi na wanne."

"Nimesema mwache."

Akatembea hadi mlangoni.

"Rudi ndani, bibi," askari akasema.

"Nimeitwa."

"Nani kakuita?"

"Mbiu."

Lugembe akasikia, akaja. Alikuwa mtu mnene, mpole wa sauti, na hilo ndilo lililokuwa linatisha. "Mama, unataka nini?"

"Umetangaza aliyeng'oka meno ya utoto na hajapata mtoto asimame uwanjani. Meno ya utoto niling'oka kabla baba yako hajazaliwa. Na mtoto sijapata."

Lugembe akawatazama watu wa zizini. "Ni kweli? Huyu hana mtoto?"

Neno walilolisema miaka yote nyuma ya mgongo wake, leo ameliomba mbele ya uso wake, na midomo ikawa mizito.

Kisha sauti ikatoka chini, kwenye ua. Ilikuwa ya Milembe.

"Ni kweli," akasema. "Hana."

"Mzee kama huyu hawezi kulima," akasema Lugembe.

"Mbiu haikutaja kulima," akasema Bibi.

Askari wakatazamana. Mbiu ya Mtemi ikishapigwa ni kama kiapo chenyewe, na mjumbe anayeigeuza hupoteza kichwa. Lugembe alilijua hilo. Akatabasamu kidogo. "Nenda ukasimame. Lakini uwanjani anahesabiwa anayesimama. Ukianguka, humo tena."

Bibi Nyanzala akaenda, akasimama mwisho wa mstari. Gindu akamshika mkono. Mikono yote miwili ilikuwa na jasho, hukujua ni la nani.

"Safu mbili."

Trap, trap, trap. Kumi na nne, kumi na nne. Bibi kabaki.

"Safu tatu."

Tisa, tisa, tisa. Wawili wamebaki.

"Safu nne." Saba, saba, saba, saba. Bibi kabaki.

"Safu tano." Wanne wamebaki.

Gindu alijua kwamba imekwisha. Ishirini na tisa ikishashinda tano, hakuna kitu mbele, ni kugeuza upande tu na kuona yale yale.

Lakini Lugembe hakuwa anapanga watoto tena. Alikuwa anamtazama Bibi. Alikuwa ameshaona kwamba huyu mzee akianguka, watabaki ishirini na nane, na kazi itakuwa nyepesi. Akaagiza pombe, akaketi kivulini, akawaacha juani. Akaanza tena polepole.

"Safu sita." Watano wamebaki. "Safu saba." Mmoja. "Safu nane."

Trap, trap. Bibi anaburuta miguu. Masele alijikojolea, akabaki amesimama vile vile. Jua likapanda, likakaa juu ya kichwa. Zizini hakuna aliyethubutu hata kupiga chafya. Bibi akayumba.

Ng'wandu, yule mwenye haraka, akasogea nyuma yake akamwegemeza mgongo kwa mgongo. Gindu akamshika kwapa. Kila wakipangwa upya, walihakikisha kuna mtu kulia kwa Bibi na mtu kushoto. Bibi akibaki peke yake katikati ya uwanja, ishirini na nane walimtazama, na midomo yao ilikuwa inacheza bila sauti. Wanahesabu. Namba tasa, moja baada ya nyingine.

"Safu kumi na nne," akasema Lugembe.

Wawili, wawili, wawili. Bibi kabaki, peke yake, anapepesuka.

"Anaanguka," askari mmoja akasema.

Bibi Nyanzala akatanua miguu yake, kama anavyoitanua akiinua chungu kizito. Akashika magoti. Hakuanguka.

Lugembe akasubiri. Akasubiri. Kisha akamwaga pombe iliyobaki kwenye kibuyu, akasimama, akatazama safu zile na mwanamke yule, akampa mpiga pembe ishara.

Buuu. Buuu.

Wakaondoka. Hawakuchukua mtu.

Watoto hawakutawanyika. Walisimama vile vile mpaka pembe ikawa mbali, ikawa kama nyuki, ikapotea. Ndipo Bibi akaketi chini vumbini, na watoto nao wakaketi, na mama zao wakatoka zizini mbio.

Milembe alikuja wa mwisho. Amemshika Holo. Akapiga magoti mbele ya Bibi.

Bibi Nyanzala akamtazama mtoto. "Amekula?"

"Bado, Bibi."

"Kampe chakula."

Basi. Hakumwambia jingine, siku ile wala siku nyingine yoyote.

Msidhani hofu iliisha. Mwaka uliofuata hesabu ilikuwa nyingine, maana watoto hawaachi kukua, meno hayaachi kung'oka. Wakajihesabu upya. Lugembe akarudi, akapanga, hazikukaa. Akarudi tena, hazikukaa. Hakuna aliyezoea. Mpaka mwaka mmoja pembe haikulia, na uliofuata haikulia. Wengine wanasema Mtemi alikufa. Mimi sijui.

Wakati huo mama nao walikuwa wanajifunza vidonge, na wa kwanza kwenda alikuwa Milembe. Mwanzoni alikuwa anakosea hata kumi na tatu. Bibi alimwambia neno lile lile la watoto: jaribu tena.

Katika wale saba waliochukuliwa zamani, wawili walirudi wakiwa watu wazima. Kabula hakuwemo. Siwezi kuwafurahisha kwa uongo.

Bibi Nyanzala alikufa msimu wa masika. Mchanga wa kwanza kaburini hutupwa na mtoto wa marehemu, na Mzee Lushinge, ambaye sasa alikuwa hata haoni vizuri, aliuliza kama ilivyo desturi, "Mtoto wa marehemu yuko wapi?" Watu wakaanza kuinama, kila mmoja akachukua mchanga. Mzee akasubiri mchanga ukome, na haukukoma upesi.

Wajukuu zangu, ninachotaka mkishike ni hiki. Usiseme umepona kwa sababu jambo linaonekana salama. Lipange, lijaribu, uone kama kuna kinachobaki. Na mtu usimhesabu kwa kile alichokosa, maana hujui siku utakayohitaji asimame upande wako.

Ngano yangu naitua hapa. Aliye macho amwamshe aliyesinzia, amsimulie alipoachia.